Uzi maalumu: Kupanda gloriosa, ua la porini kwetu Tabora lisilodai ndoo ya maji kiangazi

#1 Mnyamwezi wa Kichangani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jua.

Tabora ya Septemba mnaijua. Vumbi, upepo, na kila mwenye bustani ya maua anatembea na ndoo asubuhi na jioni. Maji ya Ziwa Victoria yamefika, tunashukuru, ila bili nayo imefika. Halafu ikiingia Oktoba, mawaridi yaliyokunywa maji ya mwezi mzima yanakauka vilevile.

Leo nalileta mezani ua ambalo hakuna aliyelileta kwa meli wala kulinunua kitaluni Dar. Liko humuhumu kwenye misitu yetu ya miombo. Kitaalamu ni Gloriosa superba, na hapa tutaliita gloriosa tu, tusianze kubishana majina maana kila kijiji kina lake. Mmeliona wote. Mvua zikishakolea, Januari hivi, ukipita njia ya Sikonge au ya Urambo unaona pembeni ya vichaka kitu chekundu chenye kingo za manjano, petali sita zimegeuka kuelekea juu na kujikunjakunja kama ndimi za moto. Mmea wenyewe mwembamba, unapanda juu ya vichaka kwa kutumia ncha za majani: kila jani linamalizikia kwenye kikia kinachojiviringisha kwenye kitu kilicho karibu. Unaweza kufika mita mbili, hata zaidi kidogo.

Wazimbabwe wamelifanya ua la taifa lao. Wahindi wa jimbo la Tamil Nadu nao wamelifanya ua la jimbo. Mwaka 1947 Elizabeth wa Uingereza, akiwa bado binti mfalme, alipewa na Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo) bruchi, yaani pini ya mapambo, ya almasi yenye umbo la ua hili alipotimiza miaka 21. Sisi tunalifyeka tukisafisha shamba la tumbaku.

Sasa kwa nini nasema halidai maji. Chini ya ardhi lina kiazi. Mvua za Novemba zikinyesha, kiazi kinachipua, shina linapanda, maua yanatoka kuanzia Desemba au Januari mpaka Machi. Mvua zikikata, mmea wote wa juu unakauka, unakatika, unapeperushwa. Mei ukipita huoni kitu. Kiazi kiko chini kimelala, na kitalala hivyo mpaka mvua nyingine. Yaani ukame halipambani nao, linaukimbia. Wewe kiangazi chote hupaswi kufanya lolote, na hapo ndipo watu wengi wanaposhindwa, kwa sababu mkono wa mwenye bustani haujui kukaa bila kumwagilia. Kiazi kilicholala kikimwagiwa maji kwenye udongo wa moto, kinaoza. Kwa hiyo ukilipanda, lipande mahali ambapo hata kwa bahati mbaya maji ya bomba hayafiki: mbali na mchicha, mbali na mawaridi, mbali na karo la kufulia.

Upandaji. Kiazi chake kinafanana na kidole kilichopinda, mara nyingi kina matawi mawili yanayokutana kama herufi V. Jicho la kuchipulia liko kwenye ncha ya tawi, na kila ncha ina jicho moja tu. Si kama kiazi mviringo ambacho ukikikata vipande kila kipande chenye jicho kinatoa kitu. Hii ncha ikivunjika, tawi hilo limekwisha kazi. Kwa hiyo kishikwe kwa adabu. Chimba sentimita tano mpaka kumi, kilaze ubavu, usikisimamishe, funika. Wakati wa kupanda ni mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijafunguka.

Udongo wetu wa kichanga unaufaa sana huu mmea. Hapa Mungu alitupendelea. Changanya samadi iliyooza vizuri, kidogo tu, usiifanye kama unapanda nyanya. Wenye viwanja kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa mpunga unaotuamisha maji, msijaribu kuupanda chini. Inueni tuta au tumieni chombo.

Jua: kichwa kinapenda jua, miguu inapenda kivuli. Weka matandazo ya nyasi kavu shinani. Na ule mkia wa jani hauwezi kukumbatia nguzo nene. Mpe fito nyembamba, matawi makavu, au wavu wa kuku ukutani.

Jambo la mwisho, na nalitenga makusudi ili mtu asilisome haraka haraka: MMEA WOTE NI SUMU, na kiazi ndicho kibaya kuliko vyote. Tutalijadili.

Karibuni.

#2 Kijana wa Isevya

Naweka kambi hapa. Mkuu picha ziko wapi? Uzi wa maua bila picha ni ugali bila mboga.

#3 Mama Kiloleni

Mwanangu, uzi mzuri, ila umenitisha mwishoni. Mimi nalikumbuka hili ua tangu utotoni Uyui, bibi alikuwa akituona tumelichuma anatufukuza tukanawe mikono. Sasa mimi nina wajukuu watatu nyumbani, mmoja bado yuko ule umri wa kila kitu mdomoni. Nitapandaje?

#4 Mnyamwezi wa Kichangani

Mama shikamoo. Kwa umri huo wa mjukuu, jibu langu ni usipande kwanza. Subiri akue, afike umri wa kuambiwa akasikia. Ua lipo, haliendi popote.

Kwa wenye watoto wakubwa: pandeni nyuma ya wavu au kwenye kona isiyochezewa, na kila mtu wa nyumbani, pamoja na dada wa kazi na kijana wa bustani, aonyeshwe mmea ukiwa na maua NA aonyeshwe mahali ulipo wakati haupo. Hii ya pili ndiyo muhimu. Kuanzia Mei mpaka Novemba pale hapaonekani kitu, na mtu akija kuchimba shimo la taka atakutana na viazi vizuri, vyeupe ndani, asijue ni nini. Mimi nimezungushia mawe na nimepigilia kibao.

Na ninyi mnaolima viazi vitamu uani kwa ajili ya michembe, vile vipande vya kuanika: gloriosa isikae hata karibu na tuta la viazi. Nitarudia hilo mpaka mnichoke. Sri Lanka madaktari wameandika visa vya watu waliochemsha viazi vya gloriosa wakidhani ni viazi vya kawaida, wakafa. Na sisi ndio watu wa kuchimba, kumenya, kuanika.

#5 Nesi Mstaafu

Mleta uzi amenigusa, ngoja niongezee kwa lugha ya wodini.

Sumu iliyomo inaitwa kolkisini. Ni dawa pia: vidonge vya jongo vimetengenezwa kwayo miaka mingi, na kule Tamil Nadu wakulima wanalima gloriosa mashambani ili kuuza mbegu viwandani. Lakini kati ya kipimo cha dawa na kipimo cha kuua pana nafasi ndogo sana, na kwenye kiazi hakuna anayejua kipimo ni kipi.

Mtu akila, haanguki papo hapo. Zinapita saa kadhaa, mara nyingine mpaka kesho yake. Kisha mdomo na koo vinawaka, tumbo linasokota, anatapika na kuharisha mfululizo. Ukimwona hujui historia yake utadhani ni kipindupindu. Hapa ndipo panapodanganya, maana baada ya kuharisha anaweza kuonekana ametulia, ndugu wakafurahi, na ndani sumu inaendelea na kazi: inazuia chembe za mwili kugawanyika. Uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, unadhoofika, figo na moyo vinaelemewa. Waliopona wengine nywele hunyonyoka baada ya wiki moja au mbili, kisha huota tena.

Kuchemsha hakuiondoi sumu. Kukausha hakuiondoi. Wanaosema "chemsha umwage maji mara mbili" wanazungumzia mihogo michungu au viazi vikuu vya porini, si hiki.

Mtu akila au ukihisi amekula, usikae kumpa maziwa ukisubiri uone. Mpeleke hospitali muda huohuo akiwa bado mzima, na beba kipande cha mmea kwenye mfuko ili wajue wanapambana na nini. Dawa ya kuifuta sumu hii hospitalini hutaikuta. Wanachofanya ni kuubeba mwili mpaka uvuke, kwa hiyo saa za mwanzo ndizo zenye thamani.

Baada ya kusema hayo yote, mimi ninalo nyumbani. Ni zuri mno.

#6 Bwana Mchicha

Sasa wakuu, yaani tumemaliza matatizo yote Tabora mpaka tuanze kupanda sumu uani? Eneo hilo si upande mchicha au mlonge upate chakula? Ua lisiloliwa, linaloua, linaloonekana miezi minne kwa mwaka. Hii ni elimu gani?

#7 Mnyamwezi wa Kichangani

Mkuu Mchicha, heshima yako. Nikuulize: uzio wako wa nje ni wa nini? Kama ni minyaa, ule utomvu ukiingia jichoni unamjua daktari wa macho. Kama ni mbono, mbegu zake watoto wakizitafuna wanatapika mpaka wanalazwa. Mnyonyo unaojiotea nyuma ya choo chako una mbegu mbaya kuliko hizo. Oleanda zimepandwa mpaka kwenye viwanja vya shule. Tunaishi na mimea ya sumu kila siku, tofauti ni kwamba hakuna aliyetuambia. Hili tunawaambia.

Mchicha nao nalima. Ila mchicha wa Septemba unajua mwenyewe unavyokunywa.

#8 Kijana wa Isevya

Hahaha mbono imemnyamazisha.

#9 Bwana Mchicha

Sijanyamaza, nimekwenda kuangalia uzio.

#10 Muha wa Mwandiga

Salamu kutoka Kigoma. Huku lipo pia, nimeliona vilimani nikitoka Mwandiga kuelekea Kasulu. Swali langu ni hili: sisi mvua zetu zinaanza mapema kuliko zenu na zinachelewa kukata, Mei bado unaweza kulowa. Kiwanja changu kiko kwenye mteremko, udongo mwekundu unaoshikana mvua ikinyesha. Kiazi si kitaoza?

#11 Mnyamwezi wa Kichangani

Mteremko unakusaidia, maji hayakai. Kinachoua kiazi ni maji kusimama, si mvua kuwa nyingi. Wewe ongeza mchanga wa mto na changarawe kwenye shimo, upana wa karai hivi, na panda juu kidogo ya usawa wa ardhi, kwenye kijituta. Panda mapema kuliko sisi, mwanzoni mwa Oktoba.

Mvua ya Mei isikusumbue. Mmea wenyewe ndio kalenda. Majani ya chini yakianza kuwa manjano, ujue unarudisha chakula chini. Usikate shina likiwa bado la kijani hata kama linachafua bustani. Kuna jambo watu hawalijui: kiazi ulichopanda mwaka huu si hicho utakachokikuta mwakani. Kile cha zamani kinatumika chote kulisha shina, kinasinyaa, na pembeni yake vinaumbwa vipya. Hivyo vipya vinajazwa na majani ya miezi ya mwisho. Ukikata mapema umevikatia chakula, mwakani utapata majani bila ua.

#12 Mpangaji Cheyo

Mimi nimepanga, mwenye nyumba kaweka saruji uani kote. Ndoo inafaa?

#13 Mnyamwezi wa Kichangani

Inafaa sana, tena kwa mwenye watoto ni bora kuliko ardhini. Ndoo ya lita 20, matundu mengi chini, kokoto kidogo, halafu kichanga na samadi. Kiazi kimoja kinatosha, kilaze katikati. Chomeka fito tatu ufunge juu.

Likikauka, hamishia ndoo nzima stoo au chini ya ngazi. Isiguswe na maji mpaka Oktoba mwishoni. Andika juu ya ndoo neno SUMU kwa rangi, maana mtu anayetafuta udongo wa kupandia pilipili haachi ndoo iliyojaa udongo mzuri.

Kila baada ya miaka miwili au mitatu mimina udongo wote kwenye turubai, viazi vitakuwa vimebanana. Vaa glavu au mifuko mikononi, vitenganishe bila kuvunja ncha, rudisha.

#14 Mzee wa Fursa

Wakuu mimi naona hela hapa. Porini yapo bure. Nikichimba magunia kadhaa nikapeleka vitalu vya Dar na Arusha, kiazi kimoja kikienda hata elfu tano? Nani ana usafiri tuungane?

#15 Mtu wa Miombo

Mzee wa Fursa, tulia kwanza.

Misitu mingi unayoiona kuzunguka Tabora ni ya hifadhi, ama ya serikali kuu chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), ama ya halmashauri, ama ya kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haizungumzii mbao na mkaa peke yake. Mazao ya msitu ni pamoja na mimea. Kutoa bila kibali ni kosa, na magunia ya viazi kwenye kizuizi hayana maelezo.

Weka sheria pembeni kidogo. Gloriosa sehemu nyingi za Afrika na Asia imepungua kwa sababu hiyohiyo, watu wanachimba kiazi kwa ajili ya dawa na biashara. Ukichukua kiazi umechukua mmea mzima, hakuna kinachobaki. Ukichukua mbegu, mmea unabaki na mwakani unakupa tena. Kama unataka biashara, zalisha mwenyewe. Mbegu za mwanzo omba kwa mwenye shamba ambaye yalijiotea, kuna wakulima Kaliua wanaofyeka hayo maua kila Januari wakipalilia, hao watakushukuru.

Na soko la maua ya kukata lipo kweli. Aina inayoitwa Rothschildiana inauzwa Uholanzi kwenye minada. Ila wale wanalima kwenye nyumba za kioo.

#16 Mzee wa Fursa

Nimekuelewa mkuu. Basi tuingie kwenye mbegu, nipeni darasa.

#17 Mnyamwezi wa Kichangani

Mbegu ndiyo njia ninayoipenda, ingawa inataka subira.

Machi kwenda Aprili, ua likishanyauka, linaacha kifuko cha kijani chenye urefu wa kidole. Kinakauka, kinapasuka pande tatu, na ndani mbegu zimejipanga, nyekundu kuelekea rangi ya chungwa, zinang'aa. Hapo pana hatari ya peke yake: zinavutia watoto kama pipi. Mimi nafunga kila kifuko kwa kipande cha chandarua cha zamani kabla hakijapasuka, ili zisimwagike.

Kuna nyama laini nje ya mbegu. Isugue kwa mchanga na maji mpaka itoke, kausha kivulini, hifadhi kwenye bahasha ya karatasi. Usiweke kwenye mfuko wa plastiki, zinavunda.

Panda Oktoba au Novemba kwenye kitalu au kopo, kina cha sentimita moja mpaka mbili, mchanga mwingi, unyevu usikatike. Hapa sasa ndipo maji yanahitajika, tusidanganyane. Mche mdogo hauna akiba ya kulala nayo. Zinaota bila mpangilio: nyingine baada ya mwezi, nyingine miezi mitatu, nyingine zinakaa mpaka umesahau. Usimwage udongo wa kopo kwa sababu hujaona kitu.

Mwaka wa kwanza utaona kijani kidogo tu, huwezi kukitofautisha na nyasi kama hujaweka alama. Kinatengeneza kiazi kidogo kuliko punje ya karanga, kisha kinalala. Mwaka wa pili kinapanda kidogo. Ua la kwanza mara nyingi ni mwaka wa tatu, wengine wa nne. Baada ya hapo hulioneshi tena njia.

#18 Fundi Mizinga

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nina la kuongeza kuhusu mbegu maana mtu anaweza kuwa na maua mengi asipate kifuko hata kimoja.

Angalieni ua lenyewe lilivyoumbwa. Petali zimegeukia juu, stameni sita, vile vijiti vya chavua, zimetandaza mikono kuelekea pembeni, na ule uzi wa kike wa katikati umekunjwa ghafla kuelekea ubavuni, kana kwamba umekwepa. Mpangilio huo ni wa wageni wenye mabawa mapana: vipepeo wakubwa na ndege chozi. Wanakuja kunyonya chini ya petali, mabawa yanapangusa chavua huku na kule. Mjini ambako vipepeo ni wachache, saidia kwa mkono. Chukua brashi ndogo ya rangi asubuhi, gusa chavua ya ua moja, pakaza kwenye ncha ya ule uzi uliopinda wa ua lingine la mmea mwingine.

Ua pia linabadilika rangi likiwa juu ya shina: linafunguka la kijani na manjano, linaendelea kuiva mpaka linakuwa jekundu lote. Kwa hiyo ukiona shina moja lina maua ya rangi tatu, si aina tatu.

Na kwa wanaotaka kuniuliza kuhusu asali: nyuki wetu chakula chao ni maua ya miti ya mtundu, muba na wenzao wa miombo. Mizinga yangu hainitumi kutafuta gloriosa, wala sijawahi kumweka nyuki karibu na bustani ya maua. Mizinga ikae porini.

#19 Shangazi wa Ipuli

Jamani, mbona hakuna anayesema kuwa hii ni dawa? Kwetu kiazi hiki wazee walikitumia kwa wanawake wakati wa uchungu, na wengine kwa nyoka. Msiipake matope mimea ya asili.

#20 Nesi Mstaafu

Shangazi, nakuheshimu na sikukatalii kwamba wazee walikitumia. Hata India wamekitumia hivyohivyo kwa karne nyingi. Ninachokataa ni mtu wa leo kusoma hapa akaenda kuchimba. Kolkisini kwa mama mwenye ujauzito ni balaa mbili, yake na ya mtoto. Mzee aliyekuwa anatoa dawa hiyo alikuwa ameona mengi, pamoja na waliokufa ambao hatusimuliwi. Mama akishikwa na uchungu, ni kituo cha afya.

Naomba pia mtu yeyote asiandike vipimo humu. Mods (wasimamizi wa jukwaa) mkiona, futeni.

#21 Shangazi wa Ipuli

Sawa nesi, hapo tumeelewana. Vipimo hata mimi sivijui.

#22 Kijana wa Isevya

Mbuzi wakila?

#23 Mtu wa Miombo

Wanakufa. Ng'ombe pia. Kwa kawaida mnyama aliyezoea pori halili, anajua. Tatizo ni mbuzi wa mjini aliyefungwa kamba akakosa la kuchagua, au majani uliyoyakata ukayatupa pamoja na nyasi za malisho. Mabaki ya gloriosa fukia au choma moto, usimpe mnyama.

#24 Mama Kiloleni

Mwanangu, kwa kuwa umeninyima hilo (nimekubali), nipe basi jingine la porini ambalo mjukuu hatadhurika nalo sana.

#25 Mnyamwezi wa Kichangani

Mama, tafuta gladiola ya porini, Gladiolus dalenii. Hiyo nayo ni ya huku, inatoka na mvua, ina majani yaliyosimama kama panga na maua ya rangi ya chungwa au nyekundu yenye koo la manjano. Hata hizi gladiola kubwa za mapambo ya harusi, nyingi zina damu ya huyu wetu. Inalala kiangazi vilevile, kanuni ni zilezile: kichanga, jua, na kiangazi usiiguse. Mjukuu asiile, lakini haifanani na gloriosa kwa ubaya. Haihitaji fito.

Watakuja watu kukuambia kuhusu lile tufe jekundu linalotoka ardhini ghafla mvua za kwanza kabla hata ya majani, Scadoxus multiflorus. Zuri sana, linavumilia kivuli cha mwembe, na hapa kwetu nani hana mwembe. Ila kitunguu chake nacho kina sumu, kwa hiyo kwako bado hapana.

#26 Mpangaji Cheyo

Mkuu, swali moja. Jirani yangu ana gloriosa kwenye kopo, limeanza kuwa manjano sasa hivi ilhali mvua bado zipo, huu ni Machi. Anataka kulimwagia mbolea ya kukuzia.

#27 Mnyamwezi wa Kichangani

Mwambie aache mbolea ya kukuzia, itamletea majani laini wakati mmea unataka kulala. Aangalie mambo mawili. Kama manjano yameanzia chini na ua limeshanyauka, ni uzee wa kawaida, kopo ni dogo basi linawahi. Kama yameanza juu au shina limelegea shinani, amwage udongo aangalie kiazi: kikiwa kigumu yuko salama, kikiwa laini na kinanuka, matundu ya kopo yameziba. Akate sehemu iliyooza, apake jivu, akiache kikauke kivulini, asikipande tena mpaka Oktoba. Ncha ikiwa nzima, bado ana mmea.

Na avae glavu, asishike kwa mikono mitupu akaenda kula.

#28 Muha wa Mwandiga

Mrejesho wakuu. Nilipanda kwenye kijituta chenye changarawe kama nilivyoelekezwa, kiazi nilipewa na mama mmoja aliyekuwa anapalilia mahindi. Kimetoka, kimepanda kwenye wavu, maua sasa hivi yapo na ndege chozi anakuja kila asubuhi. Mke wangu anataka kukata maua aweke mezani. Ruksa?

#29 Mnyamwezi wa Kichangani

Hongera sana. Akate ua na kikonyo chake kifupi tu, aliweke kwenye bakuli lenye maji, linakaa siku kadhaa. Asikate shina refu lenye majani, ataikata na akiba ya mwakani. Maji ya bakuli yamwagwe chooni, na bakuli lisiwe la chakula.

Wavu umeufanyia kazi vizuri. Usiuondoe kiangazi, uache hapohapo uwe alama ya mahali viazi vilipo.

#30 Mzee wa Fursa

Na mimi nimekuwa mstaarabu, natafuta mbegu tu. Nani anazo?

#31 Mnyamwezi wa Kichangani

Ninazo, na zitaongezeka vifuko vikipasuka Aprili. Sitauza. Anayetaka aje PM (ujumbe wa faragha) aseme yuko wilaya gani na kama ana mtoto mdogo nyumbani. Mwenye mtoto mdogo nitamwekea jina lake kwenye orodha ya miaka ijayo. Wa Kigoma nitawafungia bahasha moja, Muha wa Mwandiga atapokea stesheni treni ikifika, halafu mtagawana wenyewe. Kila bahasha itaandikwa SUMU kwa kalamu nyekundu. Msipoiona hiyo alama, msiipokee.

#32 Bwana Mchicha

Niandike na mimi. Kwenye uzio wa mbono pana nafasi.